Anayetoa Sampuli Asiwe wa Mwisho Kupata Chanjo

Barabara kuu itokayo Uyole inapita Tukuyu na kushuka hadi mpaka wa Kasumulu, na malori ya Malawi hupishana humo usiku na mchana. Wakazi wa Ibighi, wilayani Rungwe, wanaitegemea kwa riziki, maana ndizi na parachichi husafirishwa kwa njia hiyo. Ugonjwa nao hausubiri kugongewa muhuri mpakani. Kwa hiyo mjadala wa Shirika la Afya Duniani (WHO) mjini Geneva kuhusu nani apate chanjo kwanza unaihusu Rungwe moja kwa moja. Nchi inayotoa mapema sampuli ya kirusi inastahili kuhakikishiwa kisheria, si kwa hisani, fungu lake la chanjo na dawa.

Yaliyoikuta Kongo yanatosha kuwa somo. Mpox iligunduliwa kwa binadamu nchini humo mwaka 1970. Ilipozuka Ulaya na Marekani mwaka 2022, chanjo ilitolewa huko bila kuchelewa. Mwishoni mwa 2023, wahudumu wa afya wa Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu Kivu Kusini, walikuwa wakikusanya sampuli za malengelenge ya wagonjwa. Maabara zikabaini humo aina mpya ya kirusi. Dunia ikapata tahadhari, lakini dozi za kwanza zilitua Kinshasa Septemba 5, 2024, tena kwa msaada. Ni kweli kwamba idhini ya Kongo yenyewe kwa chanjo hiyo ilichelewa hadi Juni mwaka huo, ila hata idhini hiyo haikuleta chanjo papo hapo.

Mkataba wa kukabili majanga ya magonjwa, uliopitishwa na nchi wanachama wa WHO Mei 20, 2025 unalenga asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo vya watengenezaji watakaoshiriki, angalau nusu yake bure. Utaratibu wenyewe wa kubadilishana sampuli na chanjo uliachiwa kiambatisho, na hapo ndipo haki itakapopatikana au kupotea. Wapo wanaohofia kuporwa mamlaka ya nchi. Mkataba unasema wazi kwamba WHO haiwezi kuamuru watu wachanjwe wala wafungiwe ndani. Kampuni za dawa nazo husema zimewekeza fedha nyingi. Sawa, lakini bila sampuli hazina pa kuanzia. Nasi tuna wajibu: Tanzania iliacha kutangaza takwimu za Uviko-19 mwaka 2020, ila Machi 2023 ilitangaza homa ya Marburg mkoani Kagera na kuidhibiti baada ya wagonjwa tisa. Wabunge watakaoletewa mkataba huu wadai yote mawili: taarifa zetu zitoke mapema, na chanjo ifike mapema.