Mashati ya nyumbani katika ukanda wa dhahabu: fedha hukwama wapi?

MWENYE duka la nguo za kiume mjini Kahama au Geita ana njia tatu za kujaza rafu zake. Anaweza kufungua belo la mitumba. Anaweza kupanda basi hadi Kariakoo kuchukua nguo mpya zilizotoka nje. Au anaweza kuagiza kwa mshonaji wa nchini mwenye chapa yake mwenyewe, anayetoa mashati ya mikono mifupi, suruali za kadeti na zile fulana za kola ambazo vijana huziita fomu siksi. Njia hii ya tatu ndiyo inayomvutia mwekezaji mdogo, kwa kuwa cherehani nne au tano na chumba kimoja vinatosha kuanzia. Ndiyo pia inayomeza mitaji bila kelele, na mara nyingi kosa huanzia kwenye swali la kwanza kabisa.

Swali lenyewe ni hili: kwa nini tununue shati kutoka mbali wakati pamba iko mlangoni? Shinyanga na Simiyu, zilizokuwa mkoa mmoja hadi mwaka 2012, ndizo kitovu cha pamba nchini. Tupige hesabu basi. Kilo 3 hivi za pamba mbegu, yaani pamba kama inavyotoka kwa mkulima, hutoa takriban kilo 1 ya pamba nyuzi baada ya kuchambuliwa. Fulana yenye uzito wa gramu 200, ukiongeza kinachopotea kwenye kusokota na kukata, inahitaji pamba mbegu isiyofika kilo moja. Msimu wa mwaka 2019 bei iliyotangazwa kwa mkulima ilikuwa Sh 1,200 kwa kilo. Kwa hiyo fulana nzima ilibeba pamba ya mkulima yenye thamani ya chini ya Sh 1,200. Hata mkulima wa Kishapu angeigawa bure, bei ya fulana dukani isingeshuka kwa kiasi ambacho mteja angekiona.

Gharama iko katikati: kusokota uzi, kufuma kitambaa, kutia rangi. Hapo ndipo Kanda ya Ziwa ilipopungukiwa. Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma zilijengwa karibu na mashamba kwa shabaha hiyo hiyo, lakini zilidhoofika katika miaka ya 1980 na 1990. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, vinu vya kuchambulia viliongezeka, viwanda vya kufuma havikuongezeka. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi huuzwa nje ya nchi ikiwa ghafi.

Mfano mzuri uko Meatu. Tangu mwaka 1994 kampuni ya Remei ya Uswisi, kupitia bioRe Tanzania, imekuwa ikinunua huko pamba inayolimwa bila dawa za viwandani. Nguo za mpango huo zilifika kwenye maduka ya Coop nchini Uswisi kwa jina la Naturaline. Yaani Mswisi alivaa fulana ya Meatu akijua na kuilipia jina hilo, wakati kijana wa Mwanhuzi alikuwa akichambua mitumba kutoka Ulaya. Mwandishi hasemi hili kwa uchungu. Ni soko tu: aliyeshika kitambaa na jina ndiye aliyeshika faida.

Kwa mshonaji wetu mdogo, kitambaa maana yake ni safari. Viwanda vilivyobaki Dar es Salaam, Morogoro na Arusha vinajulikana zaidi kwa khanga, vitenge, mashuka na nguo za kufuma. Kitambaa kizuri cha shati na cha kadeti mara nyingi kimetoka Asia na kinanunuliwa kwa jumla Kariakoo, karibu kilometa 1,000 kutoka Shinyanga. Kuna nafuu moja ya kuifuatilia. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka VAT ya asilimia sifuri kwa nguo na vitambaa vilivyotengenezwa kwa pamba ya nchini. Ilikuwa ya mwaka mmoja, ikaongezwa muda mwaka 2024. Nafuu za namna hii huamuliwa kila bajeti ya Juni, kwa hiyo si busara kupanga mtaji wa miaka mitatu juu yake. Na mshonaji ambaye hajasajiliwa na VAT hadai chochote. Anafaidika tu ikiwa muuza kitambaa amepunguza bei.

Mpinzani aliyepo

Mitumba ilianza kuingia kwa wingi baada ya masharti ya uagizaji kulegezwa mwaka 1984. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliagiza iondolewe hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Wapo waliokimbilia kununua cherehani kwa habari hiyo. Marekani ilijibu mwaka 2017 kwa kutishia upendeleo wa AGOA, nchi nyingine zikalegeza msimamo, na mwaka 2018 ni Rwanda iliyosimama peke yake na nguo zake zikaondolewa kwenye upendeleo huo. Belo la kilo 45 liko pale pale. Aliyepanga biashara yake kwa kutegemea mitumba ipigwe marufuku alipata funzo la bei ghali.

Lakini mitumba ina udhaifu ambao chapa ndogo inaweza kuuingia. Anayefungua belo hajui atapata saizi gani. Nguo nyingi za wanaume zilizotoka Ulaya na Marekani ni pana kiunoni na ndefu miguuni, na hazirudiwi: kijana akipenda shati leo, rafiki yake hawezi kupata la pili kesho. Chapa ndogo huuza kile belo lisichoweza kutoa, yaani saizi inayolingana na inayorudi. Rangi nayo ni hesabu. Udongo mwekundu wa Geita hauna huruma. Shati jeupe Rwamgasa halimalizi mchana. Kaki, bluu iliyokoza na kijani cha jeshi lililopauka ndizo zinazozunguka.

Hesabu ya mashati 200

Tuchukue mfano wa kufundishia. Bei za msomaji zitatofautiana. Shati moja linakula mita 1.6 za kitambaa cha Sh 6,000 kwa mita, yaani Sh 9,600. Vifungo, uzi na kitambaa kigumu cha kola Sh 1,200. Ujira wa kushona Sh 3,000. Pango, umeme, nembo, mfuko na usafiri Sh 2,200. Jumla ni Sh 16,000. Ukiliuza kwa jumla Sh 20,000, faida ni Sh 4,000 kwa shati, au Sh 800,000 kwa mashati 200. Inapendeza kwenye karatasi.

Sasa liangalie kwa mpangilio wa fedha zinavyorudi. Mtaji ni Sh 3,200,000. Ili urudi wote lazima uuze mashati 160. Faida yote, mpaka senti ya mwisho, imo ndani ya mashati 40 ya mwisho. Na hayo 40 ni yapi? Ni saizi kubwa mno na ndogo mno, ni rangi ambayo ulidhani itapendwa. Ukiyatoa kwa Sh 10,000 kila moja ili rafu ipate nafasi, faida inashuka hadi Sh 400,000. Yakikwama kabisa, umefanya kazi bure. Kama mtaji ni mkopo wa asilimia 3 kwa mwezi, kila mwezi unaopita unakula Sh 96,000; katika miezi minane na ushee faida kamili ya mfano wetu imekwisha, hata kama kila shati lilinunuliwa kwa bei yake.

Kwa hiyo anayetaka kuweka fedha kwenye chapa ndogo asianze kwa kuuliza shati linauzwa kiasi gani. Aombe daftari la saizi: ngapi zilishonwa, ngapi zimebaki, kwa muda gani. Mshonaji asiye na daftari hilo hajui kama anapata faida au anakula mtaji.

Kalenda mbili za fedha

Ukanda huu una kalenda mbili, na ndiyo sifa yake kuliko mikoa mingine. Fedha za pamba hutoka kwa mkupuo baada ya ununuzi kufunguliwa, kwa kawaida Mei au Juni, na hudumu miezi michache. Ndicho kipindi cha harusi na cha ngoma za Bagika na Bagalu, ambapo mwanamume haonekani uwanjani na shati la mwaka jana. Mkulima hununua mara moja na huchagua nguo ya kudumu.

Fedha za dhahabu hazina msimu. Mchimbaji mdogo wa Mgusu, Nyarugusu au Mwakitolyo hulipwa mawe yakishasagwa na mgao ukishafanyika. Wiki tatu hana kitu, ya nne ananunua jinzi mbili na fulana tatu bila kubishana bei. Tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe Machi 2019, mauzo halali yana mahali panapojulikana. Bei ya dunia ilivuka dola 4,000 kwa wakia mwezi Oktoba 2025. Dhahabu ikipanda, wenye maduara hufungua mashimo yaliyoachwa, na Katoro hujaa wateja. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, liliondoa foleni ya kivuko kati ya Mwanza na Geita. Mzigo wa jumla kutoka Mwanza sasa unashindana na wako siku hiyo hiyo.

Tahadhari mbili za fedha taslimu. Ya kwanza ni mali kauli. Ukimwachia mwenye duka mashati 50 alipe akiuza, umemkopesha Sh 1,000,000 bila riba na bila dhamana. Anza na 10, na usiongeze mpaka hayo yamelipwa. Ya pili ni zabuni za sare. Kanuni za mwaka 2018 zinaitaka migodi itoe kipaumbele kwa wazawa, na oda moja inaweza kuwa kubwa kuliko mauzo yako ya nusu mwaka. Soma kifungu cha malipo kabla ya kukata kitambaa: siku 60 baada ya kupokea mzigo ni riba ya miezi miwili, na kwa mtaji wa mfano wetu hiyo ni Sh 192,000. Iweke kwenye bei.

Kwa anayelenga fedha za pamba, kitambaa kinunuliwe Machi na nguo ziwe tayari ifikapo mwisho wa Mei. Saizi zitakazobaki Septemba zipelekwe Katoro kabla hujakata shati lingine.