Njia ya Miguu Misikhu: Ardhi Kwanza, Mchango Baadaye

Misikhu, katika Kaunti ya Bungoma nchini Kenya, imekaa kwenye barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale, na magari hayakosekani pale mchana wala usiku. Lakini wakazi wengi hawaishi kando ya lami. Wako ndani, nyuma ya mashamba ya mahindi na miwa, na lami huifikia kwa vijia vinavyoteremka hadi kijitoni na kupanda upande wa pili. Mvua ya Machi hadi Mei ikishika, taabu yote iko pale chini: magogo ya kuvukia yameoza, ukingo umemomonyoka, mwanafunzi amevua viatu, mjamzito ameteremshwa kwenye bodaboda avuke kwa miguu.

Njia ikiharibika kiasi hicho, swali la barazani huwa moja: tuchange au tuingoje serikali?

Wanaokataa kuchanga wana hoja nzito. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi kaunti barabara za kaunti. Mama anayeuza mboga hulipa ushuru wa soko. Kwa nini alipe tena ili afike sokoni? Halafu kuna kumbukumbu ya harambee. Tangu 1963 mwito huo umejenga shule na zahanati kote nchini, ila ipo pia michango ambayo hesabu yake haikusomwa kamwe. Anayeuliza maswali kabla ya kutoa mia mbili yake asiitwe mchoyo.

Wanaotaka kuchanga nao wanaona hasara ya mafuriko, ambayo imepimwa kwingine. Nchini Nicaragua, wachumi Wyatt Brooks na Kevin Donovan walichunguza vijiji vinavyotengwa na mito, na mwaka 2020 wakachapisha matokeo: mafuriko yalipunguza mapato ya vibarua kwa asilimia 18, na palipojengwa daraja la waendao kwa miguu, hasara hiyo ikatoweka. Kibarua wa Bungoma anayekosa siku ya kupalilia kwa sababu mto umefurika anaijua hasara hiyo bila kusomewa utafiti.

Mimi naunga mkono mchango, lakini shilingi ya kwanza isitoke kabla ya suala la ardhi kumalizwa. Vijia vingi vya huku vilianza kwa ujirani mwema tu. Mzee aliwaruhusu majirani wakatize shambani kwake, na hakuna aliyeandika lolote. Leo wanawe wamegawana shamba, kipande kimeuzwa, na mnunuzi ambaye hakuwahi kusikia ahadi ile anazungushia ua. Watu wakiwa wameshamwaga saruji mtoni, watabaki na kivuko kisichofikika. Sheria ya Ardhi ya 2012 inatambua haki ya umma ya kupita, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ina utaratibu wake. Hatua ya chini kabisa ni kila mwenye shamba kutia sahihi mbele ya chifu na maliguru, yaani wazee wa kijiji, upana wa njia ukiwa umepimwa na kuandikwa.

Baada ya hapo njia iingizwe kwenye mpango wa kaunti kwa jina, kutoka wapi hadi wapi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Anayekwenda kulalamika Juni amechelewa mwaka mzima. Kumkimbilia mbunge pia hakusaidii sana, kwa kuwa sheria ya 2015 iliufunga mfuko wa maeneo bunge, NG-CDF, kwenye kazi za serikali ya kitaifa.

Mchango wenyewe uwe nguvukazi, mawe na mchanga, pamoja na pesa kidogo za karavati. Asiye na pesa aje na jembe, na hesabu isomwe barazani hadharani.

Nawe ambaye kijia kinapita shambani mwako, usingoje kuombwa. Nenda kwenye baraza lijalo, useme ni hatua ngapi unatoa, na utie sahihi.