Skonzi za asubuhi: Ondoa sukari, lakini chunga kijiko cha chumvi

Siku huanza mapema katika miji ya Thika na Ruiru. Ifikapo saa kumi na moja alfajiri, matatu za kuelekea Nairobi zimeanza kujaza abiria, wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wako njiani kwenda viwandani, na watoto wa shule wamekwisha kuamshwa. Kutokana na haraka hiyo, kiamshakinywa katika nyumba nyingi huwa ni chai yenye sukari tele pamoja na mkate mweupe, mandazi au skonzi zilizonunuliwa dukani usiku uliotangulia.

Chakula cha aina hii hushibisha kwa muda mfupi tu. Mandazi hukaangwa katika mafuta mengi, skonzi za dukani hutiwa sukari, na chai nayo ina sukari yake. Mtu anayekunywa vikombe viwili vya chai, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu vya sukari, amekwisha kumaliza vijiko sita kabla hata hajafika kazini. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2015, linashauri kwamba sukari ya aina hii isizidi asilimia 10 ya nguvu ambazo mtu anapata kutoka kwa chakula kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima, asilimia hiyo 5 ni takriban gramu 25, yaani vijiko sita vya chai kwa siku nzima.

Njia moja ya kujinasua ni kuoka nyumbani skonzi zisizo na sukari, zilizotiwa mboga na viungo. Ni rahisi, hazihitaji kusubiri unga uumuke, na viungo vyake vyote hupatikana sokoni Makongeni au katika duka lolote mjini Ruiru. Hata hivyo, zina mtego wake. Mpishi anapoondoa sukari, mara nyingi mkono wake huenda kwenye chumvi.

Si zile za dukani

Skonzi tulizozoea kununua hapa Kenya ni mikate midogo laini, iliyoumuliwa kwa hamira na kutiwa sukari. Skonzi zenyewe asili yake ni Uskoti, na siku hizi huumuliwa kwa beking pauda badala ya hamira. Beking pauda ilibuniwa mwaka wa 1843 na mkemia Mwingereza, Alfred Bird, kwa sababu mkewe alikuwa akidhurika kwa hamira.

Beking pauda hufanya kazi kwa njia rahisi. Ndani yake mna magadi na asidi kavu. Vikipata maji na joto, hutoa hewa ambayo huinua unga. Ndiyo sababu skonzi hizi hazikandwi sana wala haziachwi kando kwa saa nzima kama maandazi. Mtu akianza saa kumi na moja, chakula kinaweza kuwa mezani kabla ya saa kumi na mbili.

Mtego wa chumvi

Chumvi ina madini ya sodiamu, na sodiamu ikizidi mwilini huchangia shinikizo la juu la damu, ambalo wengi huliita presha. WHO inapendekeza mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi ambacho hakijai kijiko kimoja cha chai. Hizo ni sawa na miligramu 2,000 za sodiamu.

Wengi hawajui kwamba sodiamu haiko kwenye chumvi peke yake. Kijiko kimoja cha chai cha beking pauda kina takriban miligramu 400 hadi 500, kutegemea aina yake. Magadi ya kuokea yana zaidi ya miligramu 1,200 kwa kijiko, kwa hivyo usiyatumie kwa kipimo cha beking pauda ukidhani ni kitu kimoja. Majarini nyingi zina chumvi, jibini ina chumvi, na vile viungo vya pakiti vya kukoleza mchuzi ni chumvi kwa sehemu kubwa.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa na Wizara ya Afya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya Wakenya wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa. Ugonjwa huu aghalabu hauna dalili. Mtu huendelea na shughuli zake akijiona mzima hadi siku anapopooza upande mmoja, au moyo na figo zinapoanza kushindwa na kazi.

Kwa bahati nzuri, anayeoka nyumbani ndiye mwenye kijiko. Mkate wa dukani umetiwa chumvi tayari na huwezi kuitoa, lakini skonzi zako unazipimia mwenyewe.

Mahitaji (skonzi 12)

Unga wa ngano, vikombe 2
Unga wa atta, kikombe 1
Beking pauda, vijiko 2 na nusu vya chai
Chumvi yenye madini ya iodini, robo kijiko cha chai
Siagi isiyo na chumvi, vijiko 4 vikubwa, au mafuta ya maji, robo kikombe
Maziwa lala, kikombe 1
Karoti 1 iliyokunwa na kukamuliwa maji
Vitunguu vya majani vilivyokatwakatwa, vijiko 3 vikubwa
Dania iliyokatwakatwa, vijiko 2 vikubwa
Kitunguu saumu punje 2, na pilipili manga kidogo

Vijiko vyote visawazishwe kwa upande wa kisu, visiwe na kilima juu. Thika na Ruiru ziko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na katika miinuko kama hiyo hewa ya beking pauda hutanuka zaidi kuliko Mombasa. Kwa hivyo kiasi kidogo kinatosha, na ukizidisha skonzi zitafura haraka kisha zinywee, huku nawe umeongeza sodiamu bila sababu.

Kwa vipimo hivi, ukitumia siagi isiyo na chumvi, kila skonzi itakuwa na takriban miligramu 150 za sodiamu. Skonzi mbili ni chini ya moja ya sita ya kiwango cha siku. Mpishi anayetia kijiko kizima cha chumvi hukaribia kuongeza kiasi hicho maradufu. Ladha ambayo angetafuta kwa chumvi anaweza kuipata kwa kitunguu saumu, dania, pilipili manga au bizari nyembamba.

Namna ya kuoka

Washa oveni ifike nyuzi 220. Chekecha unga wa ngano, beking pauda na chumvi pamoja, kisha uchanganye na atta bila kutupa makapi yake, kwani hayo ndiyo yenye nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo. Tia siagi na uifikiche kwa ncha za vidole hadi mchanganyiko ufanane na chembechembe za mkate. Ikiwa unatumia mafuta ya maji, yachanganye kwanza na maziwa lala.

Tia karoti, vitunguu, dania na viungo vingine. Mimina maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mwiko hadi unga ushikane. Usiukande kama wa chapati, kwa maana skonzi zitakuwa ngumu. Usukume kwa upole uwe na unene wa sentimita mbili na nusu, kisha ukate kwa kikombe kidogo au glasi. Panga kwenye bati lililopakwa mafuta na uoke kwa dakika 15 hadi 18, au hadi juu pawe na rangi ya kahawia.

Mwenye haraka anaweza kufikicha unga na siagi usiku na kuhifadhi mahali penye baridi, kisha akatia mboga na maziwa alfajiri. Beking pauda haipendi kungoja ikishalowa.

Asiye na oveni

Nyumba nyingi za kupanga hazina oveni, lakini sufuria nzito hutosha. Tandaza mchanga safi mkavu katika sufuria kuukuu, ufunike na uipashe moto kwa dakika kumi. Weka ndani sufuria ndogo yenye skonzi, ufunike tena, na utie makaa machache juu ya kifuniko. Zitaiva kwa muda wa dakika 25 hadi 30. Kwenye jiko la gesi, tumia kikaango kizito chenye kifuniko na moto mdogo. Sukuma skonzi ziwe nyembamba zaidi, na uzigeuze baada ya dakika saba.

Onyo kwa wanaotumia makaa: okea nje, au mahali ambapo hewa hupita vizuri. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu, na huua. Katika baridi ya Juni na Julai, usiingize jiko la makaa chumbani kwa ajili ya kuota moto baada ya kumaliza kuoka.

Mlo kamili

Skonzi peke yake si kiamshakinywa kamili. Isindikize kwa yai la kuchemsha au maharagwe yaliyobaki jana, na kipande cha papai, nanasi au ndizi. Badala ya kupaka majarini, ponda parachichi, tunda linalopatikana kwa wingi kutoka jirani zetu wa Murang'a. Watoto wakipewa skonzi mbili na yai, watafika wakati wa mapumziko bila kuumwa na njaa. Chai nayo ipunguziwe sukari hatua kwa hatua, nusu kijiko kila wiki, na ulimi utazoea.

Wenye ugonjwa wa kisukari wasidanganyike kwamba kukosekana kwa sukari kunawapa ruhusa ya kula sita. Unga wenyewe hugeuka kuwa sukari mwilini. Kwao moja au mbili zatosha, na ni afadhali sehemu ya unga mweupe ibadilishwe kwa atta zaidi au unga wa wimbi, huku wakifuata ushauri wa daktari wao.

Kadhalika, kupunguza chumvi hakumaanishi kununua ile isiyo na iodini. Madini hayo huzuia uvimbe wa tezi ya shingo, na ni muhimu zaidi kwa mama mjamzito. Nao unga wa ngano wa viwandani, tangu kanuni za 2012, unapaswa kuongezwa madini ya chuma, zinki na vitamini. Angalia alama ya unga ulioboreshwa kwenye pakiti.

Hatimaye, kama katika nyumba yako yupo mtu aliyepita umri wa miaka 40 ambaye hajawahi kupimwa presha, mpeleke kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Kipimo chenyewe huchukua dakika chache. Majibu ndiyo yatakayokuambia kama hata ile robo ya kijiko cha chumvi inahitaji kupunguzwa.