Choki ya Kabureta: Kwa Nini Huliliwa Ikishaondolewa

Dakawa iko katika tambarare ya Mto Wami, kaskazini ya mji wa Morogoro, kando ya barabara kuu iendayo Dodoma. Ni nchi ya mashamba ya mpunga, yenye joto jingi na, wakati wa kiangazi, vumbi jingi. Kuanzia Desemba hadi Februari halijoto ya mchana mara nyingi hupita nyuzi 30 za Sentigredi. Katika mahali pa namna hii, mwenye Land Rover ya zamani ya petroli hushawishika kwa urahisi kwamba choki ni kifaa cha nchi za baridi, kilichofika huku kwa sababu tu gari liliundwa Uingereza. Siku choki inapokwama kwa vumbi na gari kuanza kutoa moshi mweusi, ushauri autolewao mtu mara nyingi ni mmoja: iondolewe. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Majuto yake huchukua muda mrefu zaidi, nayo yana sababu ambazo kila mwanafunzi wa fizikia wa sekondari anaweza kuzifuata.

Kazi ya kabureta

Kinachoungua ndani ya silinda si petroli ya majimaji, bali ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Kwa uzito, mchanganyiko unaoungua kwa ukamilifu una takriban sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli. Kabla ya kuenea kwa mifumo ya kupuliza petroli inayoongozwa na kompyuta, kuupima mchanganyiko huo ilikuwa kazi ya kabureta.

Hewa inayovutwa na pistoni hupita katika koo la kabureta, yaani sehemu iliyobanwa katikati. Hapo mwendo wa hewa huongezeka na kanieneo yake hupungua. Kanuni hiyo ilielezwa na Daniel Bernoulli katika kitabu chake cha mwaka 1738, na bomba lenye umbo hilo limepewa jina la Mwitalia Giovanni Battista Venturi. Kwa kuwa kanieneo ya kooni ni ndogo kuliko ile iliyomo katika bakuli la petroli, petroli husukumwa kupitia tundu dogo na kutawanyika hewani kama manyunyu.

Chini ya koo kuna kilango kinachofunguliwa na pedali ya mafuta. Juu ya koo, mahali hewa inapoingilia, kuna kilango kingine, nacho ndicho choki. Dereva akivuta kishikio, waya hukifunga kilango hicho. Hewa huzuiwa, na mvuto wa pistoni huelekea zaidi kwenye petroli. Katika kabureta nyingi waya huohuo hufungua kidogo kilango cha chini, ili injini baridi izunguke kwa kasi ya kutosha isizimike.

Sababu mbili, wala si moja

Watu wengi huifahamu sababu moja tu ya kuwapo kwa choki, nayo ni baridi. Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi, nyingine nyepesi na nyingine nzito. Bomba la kuingizia hewa likiwa la baridi, zile nyepesi ndizo hugeuka mvuke upesi. Sehemu kubwa ya zilizosalia hubaki matone na kushikamana na kuta za bomba. Ili mvuke utoshe, ni lazima petroli nyingi zaidi iingizwe kwa muda mfupi.

Sababu ya pili husahauliwa. Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ilikuwa na injini ya petroli ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Injini hiyo huvuta ujazo huo mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huweza kuvuta karibu lita 3,430 za hewa kwa dakika. Ikigeuzwa na stata mara 150 tu kwa dakika, huvuta karibu lita 171. Hewa imepungua mara 20. Lakini tofauti ya kanieneo kooni hufuata mraba wa mwendo wa hewa; basi, tukiacha kando mambo mengine, mvuto wa petroli umepungua mara 400.

Sababu hii haitegemei hali ya hewa. Stata huigeuza injini polepole Dakawa kama inavyoigeuza London. Mchana wa joto, petroli huvukizwa upesi, na ile njia ndogo inayolisha injini isipokanyagiwa mafuta huweza kutosha. Ndiyo maana aliyeondoa choki mwezi wa Januari haoni tofauti yoyote. Tofauti huonekana betri inapochoka, au alfajiri ya Julai, wakati halijoto ya tambarare huweza kushuka hadi karibu nyuzi 15.

Je, choki huiba nguvu za gari?

Wapo wanaoiondoa kwa kuamini kwamba kilango huzuia hewa hata kikiwa wazi. Tupime kwa hesabu. Tuseme mlango wa kabureta una kipenyo cha milimita 36, na koo lake lina kipenyo cha milimita 27. Eneo la mlango ni milimita za mraba 1,018, na la koo ni 573. Kilango kilichosimama wima pamoja na ekseli yake, tuseme ya unene wa milimita 8, huziba milimita za mraba 288. Zinazobaki ni 730, ambazo bado zinazidi eneo la koo. Kizuizi kikubwa cha hewa ni koo lenyewe, na bila koo hakuna kabureta.

Yanayofuata baada ya kuiondoa

La kwanza ni vumbi. Ekseli ya choki hupita katika matundu mawili ubavuni mwa kabureta, na matundu hayo yapo baada ya chujio la hewa. Yakiachwa wazi, hewa isiyochujwa huingia moja kwa moja. Vumbi lenye chembe za mchanga husaga ringi za pistoni na kuta za silinda.

La pili ni betri. Tuseme stata hutumia ampea 150. Kuigeuza kwa sekunde 10 zaidi ya kawaida ni kutumia kulombi 1,500. Ikiwa betri hurudishiwa umeme kwa ampea 10, itahitaji angalau sekunde 150 ili kuzirudisha. Atakayerudia mara kumi alfajiri moja atajikuta akitafuta watu wa kusukuma gari.

La tatu ni la hatari. Kwa kukosa choki, baadhi ya watu humimina petroli katika mdomo wa kabureta. Injini ikirudisha moto nyuma, petroli hiyo huwaka usoni pa aliyeimimina.

La nne ni kulegeza skrubu ya mchanganyiko ili petroli izidi daima. Gari huweza kuwaka kwa urahisi zaidi asubuhi, lakini hulipia siku nzima: plagi hujaa masizi, petroli hupotea, na gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi huongezeka katika moshi.

Safari ya Mgeta

Kosa la dawa hii ya nne hudhihirika gari linapopanda Milima ya Uluguru. Dakawa iko chini ya mita 400 kutoka usawa wa bahari, na Nyandira, huko Mgeta kwenye mboga za nchi za baridi, iko juu ya mita 1,500. Kwa wastani halijoto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, hivyo alfajiri ya Nyandira hutazamiwa kuwa na baridi iliyozidi ya Dakawa kwa karibu nyuzi 7. Hapo choki huhitajika kwelikweli.

Lakini mlimani hewa nayo ni nyepesi zaidi. Injini ikishapata joto, hewa inayoingia huwa na uzito mdogo, na mchanganyiko huelekea kuzidiwa na petroli. Gari lililolegezwa skrubu, kwa hiyo, hutaabika zaidi lilalopanda mlima. Linahitaji petroli ya ziada kwa dakika chache, kisha lisiihitaji tena. Choki hutoa na kuondoa. Skrubu iliyolegezwa hutoa tu.

La kufanya

Choki iliyokwama husafishwa, na waya wake hunyooshwa au kubadilishwa. Ikilazimu kuondolewa kwa muda, sehemu zake zihifadhiwe, na matundu ya ekseli yazibwe barabara kwa kitu kisichoweza kuanguka ndani ya injini. Aliyekwisha kuitupa aitafute katika kabureta kuukuu ya aina ileile. Na mwenye nayo akumbuke kuirudisha injini inapopata joto, kwa maana petroli ikizidi huosha oili katika kuta za silinda.

Jaribio la darasani

Lisitumie petroli. Chukua mrija wa kunywea na utoboe tundu dogo ubavuni, juu ya usawa wa maji katika gilasi. Vuta: utapata hewa nyingi na maji machache. Ziba tundu kwa kidole, uvute kwa nguvu ileile: maji hupanda. Kidole hicho ndicho choki.

Magari ya kabureta yanazidi kupungua, lakini choki ingali katika pikipiki nyingi na katika mashine ndogo za petroli za kusukumia maji mashambani. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba kifaa fulani hakina kazi na aulize kwanza: hakina kazi saa ngapi, mwezi gani, na mahali gani?