Atakayekuokoa Huenda Humjui

Mgonjwa wa saratani ya damu aweza kupona akipewa seli shina, zile zinazozalisha damu ndani ya uboho wa mifupa. Lakini kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 tu kati ya 4 ya kulingana naye. Wengi hubaki kumtegemea mtu wasiyemjua.

Mwaka 1974 huko London, Shirley Nolan alianzisha daftari la watu wa kujitolea ili mwanawe Anthony apate wa kulingana naye. Mtoto alifariki mwaka 1979 bila kumpata, ila daftari lake limeokoa wengi.

Mwafrika hulingana zaidi na Mwafrika, nasi tu wachache humo. Una kijana Uingereza, mzima wa afya, wa miaka 16 hadi 30? Mhimize ajiandikishe. Hupanguswa ndani ya shavu tu. Akiitwa, mara nyingi hudungwa sindano kwa siku chache, kisha seli huchujwa kutoka damu ya mkononi. Mwili wake huzirudisha.