Chukudu Hutengenezwa Nyumbani, Si Mteremkoni

Asimamaye alfajiri kando ya njia itokayo Kibumba kwenda Goma huwaona wanaume wakiteremka juu ya chukudu zilizosheheni viazi, kabichi na makaa. Chombo hiki hakina pedali, mnyororo wala injini: ni mbao, magurudumu mawili na usukani, basi. Hata hivyo kimelisha nyumba nyingi na kulipa karo za watoto wengi, na katika mji wa Goma kimesimamishiwa sanamu ya rangi ya dhahabu.

Lakini sanamu haimsaidii baba ambaye breki yake imekatika mteremkoni, mzigo wa kilo 300 ukimsukuma, na mbele yake watoto watokao shule. Kwa hiyo tumependa kuwakumbusha wasomaji wetu mambo manne.

Kwanza, mti. Mwili wa chukudu huchongwa kwa mkaratusi; kwa sehemu zichakaazo upesi mafundi wa Kivu hupenda mti mgumu uitwao mumba. Usichonge mti mbichi. Uache ukauke kivulini, polepole. La sivyo utapasuka na kujikunja, na gurudumu litakuwa yai badala ya duara.

Pili, magurudumu. Chukudu ikiwa tupu, ilaze ubavuni, zungusha gurudumu kwa mkono, na ushike kijiti karibu na ukingo wake. Likikigusa kijiti mahali pamoja tu, limepinda. Kisha sikiliza: beringi njema huzunguka kimya. Ikikwaruza, itoe, ioshe kwa mafuta ya taa, ikauke, uipake grisi safi. Tazama pia mpira uliopigiliwa kuzunguka gurudumu. Tangu volkeno ya Nyiragongo ilipomwaga moto wake juu ya Goma tarehe 17 Januari 2002, mawe meusi makali yamezidi katika njia zetu, nayo hula mpira kama msumeno.

Tatu, breki. Hiki ni kipande cha mpira wa gari juu ya gurudumu la nyuma, ambacho mwendeshaji hukikanyaga ili kisugue gurudumu. Kikianza kuonyesha nyuzi zake za ndani, usiseme, “Kitafika kesho.” Kibadilishe jioni hiyohiyo. Tena kumbuka kwamba mpira uliolowa mvua huteleza. Basi siku ya mvua punguza mzigo, na uanze kukanyaga mapema.

Nne, usukani na misumari. Shika usukani kwa mikono miwili, uutikise mbele na nyuma. Ukicheza, kaza nati au gongomea kabari mpya. Pitisha mkono juu ya mbao zote: msumari ulioinua kichwa leo utachana gunia kesho, au goti lako.

Kazi hii yote haipiti nusu saa. Ninyi wanafunzi, msimwachie baba peke yake. Anaporudi amechoka, mmoja azungushe gurudumu, mwingine ashike taa. Mtajifunza ufundi usiofundishwa darasani, naye atajua kwamba mnaithamini karo anayowalipia kwa jasho.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini ukuta hujengwa upya. Mguu uliovunjika mteremkoni si rahisi kuutengeneza kama msumari.