Chuma Kikuukuu Chaweza Kukuua

Mnunuzi wa vyuma vikuukuu afikapo Sigowet na mizani yake, je, wajua unachomuuzia?

Mwaka wa 1987 mjini Goiânia, Brazil, waokotaji walivunja mashine ya kutibu saratani iliyotelekezwa. Walipotapika, walidhaniwa kudhuriwa na chakula. Unga wa seziamu-137 uliwachafua watu 249, wanne walikufa.

Miale hiyo haionekani wala hainuki. Ukiona chombo kizito chenye alama kama feni ya mabawa matatu, usikifungue. Waondoe watoto, nawa mikono, kisha waarifu polisi ili waite wataalamu wa Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, wenye vipimo vya miale. Hawaji wasipoitwa.

Nawe ukitapika au ngozi ikibabuka baadaye, mweleze daktari ulichoshika. Bila hilo, atatibu tumbo tu.